Tryphena Aliitikia kwa Kichwa

Watu wa Mbololo walikuwa wakisema kwamba ukimwona Tryphena anateremka na jembe begani, na jana yake ulimsengenya, afadhali upitie njia nyingine. Mimi niliolewa pale nikitokea Mtito Andei, Mkamba peke yangu katikati ya Wadawida, wenyeji wa milima ile, na siku ya kwanza jikoni kwake alinipokonya mwiko akaniambia ugali wangu ni uji uliokosa adabu. Nikamjibu kwamba hata huo uji una adabu kuliko mwanawe aliyeniacha mlangoni na mizigo. Alinitazama. Kisha akacheka mpaka ikabidi akae juu ya gunia la mahindi. Tangu siku hiyo tukapatana, mama mkwe na mkaza mwana, kwa sababu wakali hawana haja ya kuzungukana.

Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani alikuwa mwanamke wa kuitikia kila jambo. Mumewe alipofariki alimwachia shamba la bondeni, kando ya kijito, likiwa limejaa mawe na magugu. Alichimba mfereji kwa mikono yake. Akapanda nduma, sukuma wiki na nyanya, na kila siku ya soko alikuwa Voi kabla jua halijachomoza vizuri. Wachuuzi wa Voi walijua kwamba Tryphena akisema hapana, umekwisha. Mchungaji mwenyewe akiambiwa hapana na Tryphena alifunga Biblia akangoja siku nyingine.

Kiharusi kilimkuta palepale bondeni, masika ya mwaka wa tisini na tano. Nilimkuta ameketi ndani ya mfereji, maji yakimpita kiunoni, mdomo umeshuka upande wa kulia na mkono wa kulia unaelea kama kitu cha mtu mwingine. Alikuwa ananitazama kwa hasira. Nilifurahi kuiona hiyo hasira, maana nilijua yumo.

Alilazwa Voi, halafu akapelekwa Mombasa. Huko ndiko tulikokutana na Firdaus, daktari wa viungo, binti mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha. Siku ya kutoka hospitalini alituambia tumrudishe mgonjwa kliniki mara mbili kwa wiki. Nilicheka, na sikucheka vizuri.

"Daktari, unaijua Mbololo?"

"Naijua, mwanangu. Mimi mzaliwa wa Voi. Mjomba wangu ana duka hukohuko kwenu, chini ya mlima. Mansur."

"Mansur ni mjomba wako?"

"Tena ana simu," akasema. Akafikiri kidogo. "Basi haji mtu kliniki. Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, wewe kaa dukani. Mimi nitapiga. Nitakwambia la kufanya, utafanya, na Alhamisi ya pili utaniambia umefanya nini. Ukinidanganya nitajua."

Ndivyo matibabu ya mama mkwe wangu yalivyoanza kupita kwenye waya. Simu yenyewe ilikuwa nyeusi, ya kukoroga, imewekwa kati ya gunia la mchele na debe la mafuta, na ilipitia kwa opereta wa Voi ambaye tulijua fika kwamba anasikiliza. Mansur, Mungu ambariki, simu ikilia alitoka nje akakaa barazani akikohoa kwa nguvu, ili nijue kwamba yeye hasikii.

Alhamisi ya kwanza nilikaa na simu sikioni nikasikiliza kila kitu. Asilazwe kutwa. Mkono wa kulia uguswe, ukunjwe, ukunjuliwe. Apewe mahindi apukuchue kwa mkono huohuo hata akiangusha yote. Asilishwe kama mtoto. Nilipanda kilima nikiyarudia midomoni nisisahau hata moja. Nikafika nyumbani nikakuta wazee watatu wa ukoo wanatoka mlangoni, wanashikana mikono na Danson.

Danson Mwandawiro ni mdogo wake marehemu baba mkwe. Mzee wa kanisa, mtu wa tai na sauti laini. Alikuwa ametamani lile shamba la kijitoni tangu mfereji ulipofika mwisho. Mume wangu Morris, aliyekuwa amekuja kutoka kazini Voi, alikuwa amesimama nyuma yao anatazama viatu vyake.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna neno," Danson akasema. "Shemeji hawezi tena shamba. Tumemuuliza mbele ya wazee kama anakubali nilishike mimi. Amekubali."

"Amekubali vipi na haongei?"

"Ameitikia kwa kichwa. Mara tatu. Morris ameona."

Nilimgeukia Morris. "Umeona?"

"Aliitikia," akasema, kwa sauti ya mtu anayetamani ardhi immeze.

Niliingia ndani. Tryphena alikuwa amelala chali kwenye kitanda, mto mmoja, machozi yamejaa sikioni. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini huyu alikuwepo! Walikuwa wameketi juu ya kitanda chake wakati wanamwibia. Nilitoka nje nikapiga kelele, na wale wazee wakaenda zao wakisema Wakamba hawana heshima. Sikulala siku ile, na sikumpa Morris nafasi ya kulala pia.

Alhamisi iliyofuata nilimweleza Firdaus. Sikumweleza kama mgonjwa anavyoelezwa daktari. Nilimfokea kana kwamba ni yeye aliyechukua shamba. Akaniacha nimalize.

"Ukimuuliza jambo anajibu vipi?" akauliza.

"Anaitikia kwa kichwa."

"Kila jambo?"

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo.

"Nenda kamuulize kama yeye ni mwanamume," akasema Firdaus. "Kisha muulize kama sasa hivi mko Mombasa. Muulize mbele ya huyo mumeo."

Niliingoja Jumamosi, Morris arudi. Nilimketisha Morris kwenye kigoda mbele ya mama yake nikauliza, "Mama, wewe ni mwanamume?"

Tryphena akaitikia kwa kichwa.

"Hapa tulipo ni Mombasa?"

Akaitikia.

"Morris amekufa?"

Akaitikia, huku akimtazama Morris usoni, huku macho yake yanasema kitu kingine kabisa, yanahangaika kama ya mtu anayegonga mlango uliofungwa kwa nje. Morris alitoka akaenda kusimama nyuma ya choo.

Firdaus alinifafanulia baadaye. Akili ipo, alisema, mlango ndio uliokwama. Maneno yanamfikia yamekatikakatika, na ndiyo na hapana zimechanganyika, hivyo kichwa kinaitikia chenyewe kwa kuwa watu wanamtazama na wanangoja. Kichwa kile si ushahidi wa chochote. "Wakimuuliza kama wamuue mbuzi wake ataitikia. Wakimuuliza kama wasimuue, ataitikia vilevile."

Nilimwambia Morris aende kwa baba yake mdogo amwambie hivyo. Alisema wazee wameshapitisha. Alisema Baba Danson ni kama baba. Alisema tungoje mama apone. Morris alikuwa mtu wa kungoja, na mpaka leo ni hivyo. Nilimwekea chakula chake mezani bila neno, wiki baada ya wiki, na alijua hiyo ni vita.

Kumbe jambo lililokuwa karibu kumuua Tryphena halikuwa mguu wala mkono, lilikuwa koo. Wageni walikuja na sukari na maneno ya pole, wakaongea juu ya kichwa chake kana kwamba amekwisha zikwa. "Masikini, haelewi tena." Wakamnywesha chai akiwa amelala chali, naye akakohoa mpaka akageuka rangi. Nilipowafukuza walinuna, na uvumi ukaanza kwamba si chai inayomkaba, ni hasira.

Hapa sina budi kueleza jambo la Wadawida, maana mimi mwenyewe sikulijua mpaka nilipoolewa. Wazee wao wanaamini kwamba hasira ya mtu mzima ikikaa moyoni, hata isiposemwa, humtafuta aliyemkosea. Itamdhuru mwilini au kwenye ng'ombe au kwenye mazao. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira hujaza maji mdomoni, au pombe ya miwa kama ipo, akayapuliza yatoke kama manyunyu, na kusema maneno ya amani. Hasira hutoka pamoja na yale maji. Wakristo wa kanisani husema ni mambo ya kale, lakini ng'ombe wakianza kufa huwa hawasemi hivyo tena.

Firdaus hakujua habari za kutasa. Alichojua ni koo. "Hii ya kumeza si fani yangu hasa," aliniambia, "lakini mwenye fani hiyo yuko Nairobi, na Nairobi haina mjomba Mbololo. Sikiliza. Akae wima. Kabla ya kumeza ashushe kidevu kifuani, ndipo ameze. Kijiko kimoja kimoja, uji mzito kwanza, maji baadaye. Na midomo yake imelegea, kwa hivyo tuifanyishe kazi. Akiweza maji, ayajaze mdomoni, afunge midomo asidondoshe, kisha ayateme mbali kwa nguvu. Kila asubuhi."

Tukaanza na uji. Kidevu chini, meza. Kidevu chini, meza. Nilisema hivyo mpaka kuku wakazoea. Tryphena alichukia kila kijiko. Siku nyingine alikipiga kwa mkono wa kushoto kikaruka mpaka ukutani, nami nikakiokota nikakiosha nikamwambia, "Tupa tena, mimi sina kazi nyingine." Alitupa tena. Mahindi aliyopukuchua kwa mkono wa kulia yalitawanyika uwanja mzima, na nilikataa kuyaokota mpaka aokote yeye. Majirani waliona ukatili. Mmoja alinijia kunionya kwamba mama mkwe hafanyishwi kazi, nami nikamwomba aniletee mahindi yake pia.

Ilipofika zamu ya maji, tulikaa nje, mgongo kwenye ukuta wa jiko, mahali jua la asubuhi linapofika kwanza. Pale panatazama bondeni. Mwanzoni maji yalimtiririka upande wa kulia yakalowesha leso. Halafu yakafika magotini. Halafu ikaja asubuhi moja alipojaza mashavu, akafunga midomo, akayapuliza yakampata jogoo, na jogoo akakimbia akilalamika. Nilipiga vigelegele peke yangu. Tryphena akatabasamu kwa nusu ya uso.

Sikufikiri kwamba kuna anayetazama. Lakini Mbololo yote ilikuwa inatazama.

Alhamisi moja nilikuwa dukani nangoja simu nikamsikia Danson barazani kwa Mansur, anaongea na watu kwa ile sauti yake laini. "Mimi na shemeji hatuna neno. Mbona ananitasia kila asubuhi, tena akiwa ameelekea shambani? Sikumwomba. Ni moyo wake tu. Amelibariki lile shamba, na mimi nimeshang'oa zile nduma nipande mahindi, naweka nguzo za ua."

Nilitoka. Sikumbuki yote niliyosema, na mengine nayakumbuka lakini hayaandikiki. Nilimwambia kwamba yale ni mazoezi ya daktari. Nilimwambia amechukua kichwa cha mgonjwa akakifanya muhuri, sasa anataka mate yake pia. Akanisikiliza kwa upole mkubwa, jambo lililoniongezea hasira, kisha akawaambia wenzake, "Mwaona? Hasira hasara. Mzee amesamehe, huyu kijana anachochea."

Nyuma yangu simu ikaanza kulia. Mansur akanishika bega. "Dada yangu, nenda kajibu. Huyu niachie mimi nimuuzie sukari."

Firdaus alisikia pumzi zangu kabla ya salamu. Nikamsimulia, na safari hii ikabidi nimweleze kutasa ni nini.

"Kwa hiyo kila anachofanya kwa mwili wake, huyo bwana anakitafsiri," akasema.

"Ndiyo."

"Basi tumfundishe kitu kisichotafsirika. Zamani neno gani alikuwa akilitumia sana?"

Hata sikufikiri. "Hapana."

"Ndilo hilo. Midomo yake sasa inafunga, na pa inataka midomo ifunge. Muulize maswali ambayo jibu lake ni hapana tu. Wewe jibu kwanza, atikise kichwa kwa kukataa, umshike kichwa umwongoze ikibidi. Na Alhamisi zijazo sitaki kuongea nawe. Mlete mwenyewe."

"Daktari, hapa kwetu ni kilima."

"Kilima ni zoezi," akasema, na akakata simu.

Tulishuka kilima kile kwa fimbo na kwa matusi. Mwanzoni nusu njia, tukakaa kwenye jiwe, tukarudi. Kulipoanza vuli tulifika dukani. Mansur alitoa kiti chake mwenyewe akakipangusa. Nilimwekea Tryphena simu kwenye sikio la kushoto, nami nikabandika sikio langu upande wa pili.

"Bi Tryphena, hujambo? Sema hapana."

"Haa," akasema Tryphena. "Haa. Haa."

"Sikusikii."

"Haa..." Jasho lilikuwa linamtoka. Nilitaka kumnyang'anya simu. Alhamisi baada ya Alhamisi ilikuwa haa, na Firdaus hakuwa akisikia. Nyumbani nilimuuliza kama mimi ni mbuzi, kama jua ni jeusi, na kichwa kilikuwa kimeanza kujifunza kukataa, taratibu, lakini neno halikuja.

Siku moja Firdaus akabadilisha sauti. "Bi Tryphena, nimepata habari. Mumbe, mkaza mwana wako, ananiambia siku hizi ugali wake ni mzuri kuliko ule uliokuwa ukipika wewe."

"Hapana!"

Lilitoka zima, kwa sauti ileile ya soko la Voi, likagonga mabati. Mansur aliyekuwa barazani akasahau kukohoa. Kwenye simu sauti ya mwanamume ikasema, "Bwana asifiwe!" na tukajua kwamba ni opereta. Firdaus alikuwa anacheka na nadhani alikuwa analia pia. Tryphena alikuwa ameshika simu kwa mkono wa kulia. Hatukujua aliishika saa ngapi.

Nilitaka kwenda kwa wazee siku hiyohiyo. Firdaus akanikataza. "Neno lililotoka kwa hasira linaweza kukosekana kesho. Likimkwama mbele yao watasema hana akili, na hapo itakuwa mwisho. Mfundishe mpaka lije bila kuchokozwa." Nikameza hasira zangu, na nikwambie ukweli, zilikuwa chungu. Kila siku nilikuwa nikiziona nguzo za Danson kule bondeni, na mfereji ukiota majani kwa kuwa alikuwa hajui kuutunza.

Halafu mguu wa Danson ukavimba.

Ulivimba kuanzia kifundo mpaka goti. Alikwenda hospitali akapewa dawa, haukushuka. Mahindi yake ya bondeni nayo yakawa manjano, na mtu yeyote mwenye macho angejua ni kwa sababu maji hayafiki, lakini watu walianza kunong'ona. Kama Tryphena alikwisha tasa, mbona hivi? Nyanya Mkawasi, shangazi wa marehemu baba mkwe na mkubwa wa ukoo mzima, alisema jambo moja tu. "Kutasa ni uso kwa uso. Yule mlimuona akimtemea jogoo."

Basi wakaja. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Wazee walewale watatu, Danson amevaa kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, Nyanya Mkawasi amebebwa kwenye kiti na wajukuu. Morris alikuwepo. Kwa kuwa Danson ni mzee wa kanisa hakuleta pombe. Alileta maji kwenye kibuyu kipya, na aliyaita maombi.

Tulimketisha Tryphena mahali pake, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya neno, lakini siku zile uwanjani hapakuwa na watu, palikuwa na mimi na kuku tu. Nilijua kwamba akipuliza yale maji, hata kwa mazoea tu, shamba limekwenda na halirudi tena. Wazee wangeona kwa macho yao. Nilijua pia kwamba miezi mingi nimemfundisha mwenyewe, kila asubuhi, palepale alipokaa: jaza, funga, puliza.

Danson akapiga magoti kwa taabu. "Shemeji," akasema, "hasira hasara. Kama moyoni mwako kuna neno juu yangu, litoe leo mbele ya wazee, na shamba libarikiwe, sote tuishi kwa amani." Akampa kibuyu.

Tryphena alikipokea kwa mikono miwili. Akajaza maji mdomoni. Midomo ikafunga vizuri, hata upande wa kulia, mashavu yakajaa. Danson akasogeza uso mbele, akafumba macho, apate manyunyu.

Tryphena akashusha kidevu kifuani.

"Anaomba," mzee mmoja akanong'ona, na wengine wakainamisha vichwa.

Mimi sikuinamisha. Niliona koo likipanda na kushuka. Hakukohoa. Akainua kichwa, akafungua mdomo kidogo, na mdomo ulikuwa mkavu.

"Amemeza," Nyanya Mkawasi akasema.

Danson akafumbua macho. Akatazama shati lake, halikuwa na tone. Hata sasa naisikia ile sauti laini jinsi ilivyojipanga upya. "Ni ugonjwa," akasema. "Mdomo wake umepooza, hawezi kupuliza. Bora nia. Wazee, tuchukulie kwamba ametasa."

Tuchukulie! Niliruka mbele. Sijui ningefanya nini, na namshukuru Mungu sikupata nafasi, maana Tryphena aliinua mkono wa kulia, ule uliokuwa ukielea mferejini, akanizuia. Akajaza maji tena. Akanigeukia mimi. Akayapuliza yote kwa nguvu, yakanipata usoni, shingoni, kifuani, manyunyu safi kabisa. Mimi niliyemlazimisha kuokota mahindi, mimi niliyemburuta kilimani. Nilisimama pale nimelowa, nikalia kama mjinga mbele ya watu niliowachukia.

"Midomo ni mizima," Nyanya Mkawasi akasema. Akaomba kiti chake kisogezwe karibu. "Sasa niache niulize mimi. Tryphena, mke wa mwanetu, wewe ni mwanamume?"

Nilikuwa nimewasimulia wote habari za lile swali, na wote walikuwa wamelicheka. Sasa hakuna aliyecheka. Kidevu cha Tryphena kilitikisika. Niliona kichwa kinataka kwenda chini, kwa ile tabia yake ya zamani. Nikauma kidole. Kichwa kikasimama, kikaenda upande mmoja, kikaenda upande wa pili.

"Ha," akasema. "Hapana."

"Ulimpa Danson shamba la kijitoni?"

"Hapana."

"Siku ile walipokuuliza kitandani, ulikubali?"

"Hapana. Hapana!"

Morris alikuwa ameketi chini. Ndiye aliyesema, akitazama udongo, "Mama aliitikia hata nilipokufa mimi." Wazee hawakumwelewa, nami sikumsaidia. Lilikuwa limechelewa, lakini angalau alilisema kwa sauti.

Nyanya Mkawasi akawageukia wale watatu. "Kesho nguzo zing'oke. Na mfereji usafishwe na aliyeuacha ukaota majani." Danson alikuwa bado amepiga magoti, si kwa heshima, mguu ulikuwa umekataa kuinuka. Wawili walimshika makwapa wakamwinua. Tai yake ilikuwa imekwenda upande. Nilimwangalia na sikumhurumia, na kama mtu anafikiri ningepaswa kumhurumia, basi alale yeye chali siku moja azungukwe na watu wanaomuuliza maswali.

"Mama," Danson akasema, akimwambia yule ajuza, "na mguu wangu?"

Ajuza akamtazama, kisha akamtazama Tryphena. "Shamba lako litarudi," akamwambia. "Na hasira yako juu ya huyu, bado unayo?"

Tryphena akaweka kibuyu chini, karibu na mguu wake mzuri. Akamtazama Danson. Kisha akaitikia kwa kichwa, mara moja, polepole, na safari hii hakuna mzee aliyejitokeza kueleza maana yake.